Watoto Wanne kwa Kila Familia: Uandikishaji wa Shule ya Msingi na Mgawanyo wa Mzigo wa Malezi nchini Uganda

Ikisiri

Mwezi Januari 1997 Serikali ya Uganda ilianza kulipia karo ya shule ya msingi watoto wanne wa kila familia. Makala hii inafuatilia chimbuko la kanuni hiyo, ugumu uliojitokeza ilipofikishwa vijijini, na alama iliyoacha katika sheria na huduma za shule hata baada ya idadi ya wanne kuachwa. Inadaiwa hapa kwamba nafasi ya shule ilitolewa kama mgawo wa familia badala ya haki ya mtoto mmoja mmoja, na kwamba tafsiri finyu ya familia iliyotumika wakati wa kugawa nafasi ilipanuliwa kimyakimya wakati wa kugawa gharama. Mifano ya Kenya na Tanzania inatumika pale tu inapomulika njia iliyochukuliwa na Uganda.

Utangulizi

Historia ya elimu ya msingi bila karo katika Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kwa lugha ya mafuriko. Kenya ilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 5.9 katika shule za msingi mwaka 2002. Mwaka uliofuata, karo ilipofutwa, ikawa na zaidi ya milioni 7. Uganda ilikuwa imetangulia, kutoka wanafunzi takribani milioni 3.1 mwaka 1996 hadi milioni 5.3 mwaka 1997, na zaidi ya milioni 7 kufikia mwaka 2002. Takwimu hizi zinastaajabisha, lakini zinaanza kuhesabu pale ambapo mtoto ameshaketi darasani, au chini ya mwembe kama ilivyokuwa kwa wengi. Kabla ya hapo alipita mbele ya meza. Mtu alifungua daftari, akamwuliza mkubwa aliyemsindikiza jina la mtoto, umri wake, na kwamba ni mtoto wa nani. Makala hii inahusu swali hilo la mwisho.

Swali hilo halikuwa na uzito uleule kila mahali. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, vijiji vilitakiwa kuwatafuta watoto waliofikia umri wa kwenda shule, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi asiyemwandikisha mtoto kuwa mkosaji. Nyumba ilikuwa mahali pa kumpatia mtoto, wala haikuwa kipimo cha haki yake. Kenya ya mwaka 2003 ililegeza zaidi: aliyefika alipokewa. Mzee Kimani Maruge, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 84, alianza darasa la kwanza mjini Eldoret Januari 2004, na ni dhahiri kwamba swali la yeye ni mtoto wa nani halikuwa na kazi tena. Katika nchi hizi tatu ni Uganda pekee iliyoanza kwa kuikabidhi familia nafasi nne na kuiachia uchungu wa kuchagua.

Mlango wa shule kabla ya 1997

Kanuni ya watoto wanne haikuangukia uwanja mtupu. Kwa muda mrefu mlango wa shule nchini Uganda ulikuwa na bawabu, na bawabu huyo alibadilika kwa zama. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879, na kwa karibu nusu karne shule zilikuwa mali yao na wajibu wao. Hata serikali ya kikoloni ilipounda idara ya elimu mwaka 1925, baada ya ziara ya Tume ya Phelps-Stokes mwaka uliotangulia, iliona ni nafuu kutoa ruzuku kwa misheni kuliko kujenga shule zake. Katika zama hizo swali la mlangoni lilikuwa la dini. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba mtoto angeingia shuleni na jina moja na kutoka na jingine, hivyo wakamweka nyumbani au wakamwacha aishie madrasa. Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, iliyoundwa mwaka 1944, ilitokana na hofu hiyo. Ni baada ya uhuru, pale serikali ilipochukua usimamizi wa shule katika miaka ya mwanzo ya 1960, ndipo dini ya mzazi ilipokoma kisheria kuwa kigezo cha kupokelewa.

Bawabu wa pili alikuwa fedha, na huyu hakuja kwa amri ya mtu. Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1970, mshahara wa mwalimu ulibaki jina tu. Shule zilizosalia wazi zilisalia kwa sababu wazazi, kupitia vyama vya wazazi na walimu, walichangia fedha, chakula na nguvu zao ili mwalimu asiende kulima au kuchuuza. Mchango huo ulianza kama hisani, ukawa desturi, mwishowe ukawa karo kwa jina jingine, mara nyingi kubwa kuliko karo yenyewe. Wazazi wenye uwezo ndio waliokuwa na sauti katika mikutano ya kupanga kiwango. Asiye na uwezo hakufukuzwa na sheria yoyote. Mtoto wake alirudishwa nyumbani asubuhi moja akafuate mchango, na akikuta haupo, alibaki huko.

Jambo hili halina budi kukumbukwa tunapotathmini yaliyofuata. Huduma ya shule ya msingi ilikwishakuwa, kwa sehemu kubwa, mali ya wazazi kabla serikali haijairudia. Tume ya kupitia upya sera ya elimu, iliyoteuliwa mwaka 1987 chini ya Profesa William Senteza Kajubi, ilikabidhi ripoti yake mwaka 1989 ikipendekeza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe hatua kwa hatua, na Waraka wa Serikali wa mwaka 1992 ukalikubali lengo hilo. Katiba ya mwaka 1995 ikaongeza, katika ibara ya 30, kwamba watu wote wana haki ya elimu. Swali lililobaki lilikuwa nani atalipa, na lini.

Jibu lilitoka kwenye kampeni. Katika uchaguzi wa rais wa Mei 1996, wa kwanza tangu serikali ya Yoweri Museveni kuingia madarakani mwaka 1986, mgombea huyo aliahidi kwamba serikali ingelipia karo watoto wanne wa kila familia. Desemba mwaka huohuo utekelezaji ulitangazwa, na Januari 1997 milango ikafunguliwa. Hatua kwa hatua za Tume ya Kajubi ziligeuka kuwa hatua moja. Kama ingekuwa busara kusubiri ni suala ambalo wachumi wa elimu wameligombania sana. Kwa maoni yangu, nchi iliyokwishasubiri tangu uhuru isingefika popote kwa kusubiri zaidi. Lakini haraka hiyo ilikuwa na gharama moja isiyotajwa sana: hapakuwa na muda wa kuuliza neno “familia” lina maana gani.

Kanuni na masharti yake

Masharti ya kanuni yalionyesha nia njema. Miongoni mwa watoto wanne, mwenye ulemavu alipaswa kutangulizwa. Familia yenye watoto wa kike na wa kiume ilitakiwa kuhakikisha kwamba wawili kati ya wanne ni wasichana. Yatima walipaswa kupokelewa pia, sharti ambalo katika nchi iliyokuwa imeumizwa na UKIMWI kwa zaidi ya muongo mmoja halikuwa pambo. Serikali ingelipa ruzuku ya shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa madarasa matatu ya mwanzo na shilingi 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba, pamoja na mishahara ya walimu, vitabu na msaada wa ujenzi. Mzazi angebaki na sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana. Shule za mijini ziliachiwa nafasi ya kutoza ada fulani kwa ajili ya huduma kama maji na umeme.

Sharti la wasichana lilifanya kazi yake. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 wasichana walikuwa wamekaribia nusu ya wanafunzi wote wa shule za msingi, jambo ambalo miongo ya mahubiri kuhusu faida za kumsomesha binti haikuwa imelifikia. Hapa idadi iliyolazimishwa ilikuwa na manufaa ambayo ushawishi peke yake haukuyaleta, na wanaoiona kanuni nzima kama kosa hawana budi kulipima hili.

Sharti la mtoto mwenye ulemavu lilikuwa na hatima nyingine. Lilimweka wa kwanza kwenye orodha, kisha likamwacha katika darasa lililojaa kuliko wakati wowote uliopita, na kwa viwango vya ruzuku vilivyopangwa kufuata darasa, pasipo kujali mahitaji. Taasisi ya elimu maalumu iliyokuwa Kyambogo iliandaa walimu, lakini idadi yao haikuweza kulingana na shule zilizokuwa zikiwangoja. Mzazi aliyetii kanuni alikuwa ametumia nafasi moja kati ya nne kwa mtoto ambaye shule haikuwa tayari kumpokea. Aliyeikaidi kwa siri na kumpeleka mwenye nguvu hakuwa mkatili kwa lazima; huenda alikuwa amekwenda kuiona shule.

Familia, nyumba, ukoo

Viongozi wa halmashauri za vijiji, yaani LC I, ndio waliotegemewa kuwatambua watoto na familia zao. Walikuwa wanawafahamu watu wao, na hilo lilikuwa faida. Lakini ujuzi wao ulikuwa wa aina ambayo fomu haikuweza kuubeba.

Tuchukue msamiati kwanza, kwa kuwa mkutano huu ni wa lugha. Kiswahili chenyewe kimelazimika kuazima neno “familia”, ilhali kina nyumba, kaya, jamaa, ukoo na mlango, na hakuna hata moja kati ya hayo linalolingana na baba, mama na watoto wao wa kuwazaa. Lugha za Kibantu za Uganda zina hali inayofanana nayo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba, mdogo au mkubwa. Dada wa mama ni mama. Mtoto wa ndugu ni mtoto, na anayeuliza zaidi ya hapo huonekana anatafuta ugomvi. Katika Buganda mtoto ni wa ukoo wa baba yake hata akilelewa kwa bibi mzaa mama tangu alipoachishwa ziwa. Kwa maana hiyo, mtu aliyeulizwa “una watoto wangapi?” angeweza kutoa majibu matatu yaliyo tofauti na yote yakawa kweli.

Sasa tuiweke kanuni juu ya hali hii. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake: je, ni familia moja yenye nafasi nne au mbili zenye nafasi nane? Ikiwa ni moja, mke gani atachaguliwa watoto wake? Mjane anayelea watoto wawili wa kwake na watatu wa marehemu dada yake: watatu hao ni yatima, kwa hiyo wanaingia kwa sharti la yatima, au ni wanawe, kwa hiyo mmoja lazima abaki? Na ikiwa dada huyo yu hai lakini yuko Kampala akitafuta riziki, watoto wake si yatima, wala hawaishi naye. Wataandikwa wapi? Afisa wa wilaya aliyetaka jibu la haki kwa kila mmoja wa watoto hawa angehitaji hekima ya kadhi na muda wa mwaka mzima. Alikuwa na wiki chache za Januari.

Kilichotokea kilitarajiwa. Hakuna daftari la kijiji lililoweza kuthibitisha nani ni mtoto wa nani kwa kiwango ambacho kanuni ilidai, na familia kubwa zilikuwa na ndugu wa kutosha wenye nafasi zisizojaa. Mtoto wa tano wa nyumba moja alikuwa, kwa mila, mtoto wa tatu wa baba mdogo wake. Kuuita udanganyifu ni kusahau kwamba kwa maana ya kwao ulikuwa ukweli, na pengine wenye umri mkubwa kuliko sheria. Katika muda wa miaka michache kikomo kilikuwa kimeachwa, na elimu ya msingi bila karo ikawa ya watoto wote. Wanahistoria wa sera huifupisha hatua hii kwa sentensi moja, kwamba kikomo kilishindikana kusimamiwa. Ni sahihi, ila inaficha mshindi. Kanuni ilishindwa na ukoo.

Safari ya ruzuku

Mtoto akishaandikwa, fedha zake zilipaswa kumfuata. Hapa Uganda iliipatia dunia somo ambalo limenukuliwa hata likachakaa. Utafiti wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson, uliotumia takwimu za shule 250, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa imeitoa kwa ajili yao. Nyingi hazikupata kitu. Baada ya hapo serikali ilianza kuchapisha kiasi kilichotumwa wilayani katika magazeti, na kila shule ikatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi ilichopokea. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika ilikuwa zaidi ya asilimia 80.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa uwazi, na ni ushindi kweli. Kwa hoja yetu, hata hivyo, kina upande mwingine. Ubao wa matangazo ulimpa mzazi taarifa ya fedha ya serikali. Haukumpa taarifa, wala sauti, juu ya kile alichodaiwa yeye. Kabla ya 1997 kikao cha chama cha wazazi na walimu, pamoja na dhuluma zake zote, kilikuwa mahali ambapo gharama za mtoto zilijadiliwa kwa ukamilifu: mwalimu, chaki, uji, paa. Baada ya 1997 gharama hizo zilikatwa vipande viwili. Kipande cha serikali kilibandikwa ukutani. Kipande cha nyumbani kilirudi nyumbani na hakuna aliyekihesabu.

Kukosa hesabu hiyo kunaonekana katika hatima ya kundi la mwanzo. Watoto takribani milioni 2.1 waliandikwa darasa la kwanza mwaka 1997. Mwaka 2003, ambapo walitarajiwa kuwa darasa la saba, waliokuwapo katika darasa hilo hawakufika nusu milioni, takribani asilimia 22. Takwimu hii inahitaji tahadhari: darasa la kwanza la mwaka ule lilivimba kwa watoto wa kila umri, wengi walikariri, na aliyekariri hajaacha shule. Hata ukipunguza kwa ukarimu, pengo linabaki kubwa mno kuelezwa kwa kukariri peke yake. Karo ilikuwa imeondolewa kwa wote walioandikwa. Kwa hiyo sababu za kuondoka lazima zitafutwe, kwa sehemu kubwa, katika kile kipande kisichohesabiwa.

Chakula cha mchana

Kikubwa katika kipande hicho kilikuwa chakula. Serikali ilikataa kuruhusu mchango wa chakula uwe sharti la kumpokea mtoto, kwa hofu ya haki kabisa kwamba mchango ungegeuka tena kuwa karo. Rais mwenyewe aliwahimiza wazazi mara kwa mara wawafungie watoto “entanda”, neno la Kiganda linalomaanisha masurufu ya safari, chakula kinachofungwa katika majani ya mgomba ili msafiri ale njiani. Ni neno zuri, na lina heshima yake. Lakini masurufu hufungwa na mtu aliyepika, na aliyepika ni mtu aliyekuwa na kitu cha kupika asubuhi, kuni, na mikono isiyokuwa tayari shambani alfajiri. Katika nyumba ambayo mlo mkuu ni mmoja na ni wa jioni, entanda hukatwa kutoka kwenye mlo huo wa jana. Bibi anayelea wajukuu watano huifanya hesabu hiyo kila usiku bila kuandika popote.

Mjadala wa sera umekuwa ukizunguka kati ya kambi mbili, ya wanaosema mzazi awajibike na ya wanaosema serikali ilishe. Naona kambi zote mbili zinamchukulia mzazi kama mtu mmoja anayejulikana. Katika shule nyingi za vijijini mtu huyo ni shangazi, kaka wa miaka kumi na saba, au bibi, na uwezo wao wa “kuwajibika” unategemea kama yule aliye Kampala ametuma kitu mwezi huo. Sera ya chakula isiyojua mtoto analala kwa nani haiwezi kujua inamdai nani.

Karamoja

Kuna sehemu moja ya Uganda ambako uhusiano wa daftari na nyumba ulilazimika kufikiriwa upya. Huko Karamoja, kaskazini mashariki, husimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 wazee waliizika kalamu, wakiiona kuwa chombo cha wakoloni cha kuwaandika vijana na kuwachukua, na kwamba mwaka 1995 ilifanyika sherehe ya kuifukua. Hata anayeichukulia simulizi hii kama ishara atakiri kwamba inasema jambo mahususi: kilichozikwa hakikuwa kitabu. Ilikuwa kalamu, kifaa cha kuandikia majina.

Mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya kanuni ya watoto wanne, wilaya za Moroto na Kotido zilianzisha mpango wa elimu ya msingi mbadala wa Karamoja, ujulikanao kwa kifupi kama ABEK, kwa msaada wa shirika la kuhudumia watoto la Norway. Mpango huo ulilipeleka darasa kwenye manyata. Masomo yalifanyika alfajiri kabla mifugo haijatolewa na jioni baada ya kurudishwa. Wafundishaji walitoka katika jamii hiyohiyo, lugha ilikuwa Ngakarimojong, na mifugo, mazao na amani vilikuwa sehemu ya mtaala. Msichana aliyekuwa na mdogo wake mgongoni alikuja naye.

Sisemi kwamba ABEK ilitatua matatizo ya Karamoja. Kuhama kutoka madarasa hayo kwenda shule ya kawaida kulibaki kugumu, na mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika shule za mkoa huo kwa miaka mingi ulikuwa kivutio chenye nguvu kuliko mtaala wowote. Kinachonishughulisha ni namna ya kuandikisha. Mfundishaji wa ABEK hakuhitaji kuamua nani ni mtoto wa nani, kwa sababu alikuwa amekaa ndani ya manyata ambamo jibu lilionekana kila jioni watoto walipogawanyika kwenda kula. Aliandika watoto walioko. Chakula cha shule nacho kilitolewa kwa aliyefika. Ni ajabu kiasi kwamba sehemu ya nchi iliyohesabiwa kuwa nyuma kuliko zote kielimu ndiyo iliyopata, kwa dharura, huduma zilizopangwa kwa kufuata kaya jinsi ilivyo.

Sheria ya 2008 na namba za utambulisho

Sheria ya elimu ya awali, ya msingi na ya baada ya msingi ya mwaka 2008 iliyaweka haya yote katika maandishi. Elimu ya msingi ikawa ya lazima kwa watoto kuanzia umri wa miaka sita, kwa muda wa miaka saba, na kutoza malipo katika shule za mpango huo kukakatazwa. Sheria hiyohiyo iliorodhesha wajibu wa mzazi au mlezi: kumwandikisha mtoto, kumwongoza, kumpa chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri.

Zingatieni neno “mlezi” hapo. Mwaka 1997, ilipokuwa suala la nani anastahili nafasi nne, swali la kama mlezi ana familia lilileta utata na mabishano. Mwaka 2008, ilipokuwa suala la nani ataleta chakula, mlezi alitajwa bila kusita. Bibi ambaye hakuwa na hakika kama wajukuu wake walihesabika kuwa “familia” yake hana shaka yoyote kwamba sheria inamdai uji wao. Sidhani kama waandishi wa sheria walikusudia hivyo; orodha za wajibu kwa kawaida huandikwa kwa upana, na orodha za haki kwa ufinyu, na watu wa sheria wana sababu zao. Lakini msomaji wa historia anayeziweka nyaraka hizi mbili kando kwa kando ataona ukoo ukikataliwa mlangoni na kupokelewa jikoni.

Mwaka 2017 mamlaka ya utambulisho ya taifa, NIRA, iliendesha zoezi la kuwaandikisha wanafunzi shuleni na kuwapa namba. Mtoto alianza kuwa na utambulisho wake mwenyewe, na kwa mantiki hiyo kile kivuli cha familia ya watoto wanne kilipaswa kutoweka. Hakikutoweka chote. Taarifa za mtoto bado huambatanishwa na za wazazi wake, na mtoto ambaye mama yake yuko mbali na baba yake hajulikani aliko huwa na pengo katika taarifa hizo, ingawa kila mtu kijijini anajua anakula wapi. Namba humtenganisha mtoto mmoja na mwingine vizuri sana, hata mapacha. Haisemi lolote kuhusu anayemwamsha asubuhi.

Kwa washauri wa sera walioko hapa, marekebisho ninayoyafikiria ni madogo na hayahitaji sheria mpya. Daftari la uandikishaji la darasa la kwanza liulize mambo mawili tofauti ambayo sasa huulizwa kama jambo moja: mtoto amezaliwa na nani, na mtoto analala na kula kwa nani. Jibu la pili liandikwe kila muhula, si mara moja, kwa sababu hubadilika. Mwalimu wa darasa hulijua tayari, na kazi ya dakika tano kwa kila mtoto itatosha. Orodha ya walezi itakayopatikana, yenye umri wao na idadi ya watoto walio chini ya kila paa, ndiyo itakayotumika kupanga nani asaidiwe sare, nani aondolewe mchango wa chakula pale unapokusanywa kwa hiari, na nani atembelewe mtoto anapokosekana siku tatu mfululizo. Viongozi wa LC I wanaweza kuihakiki katika kikao cha kawaida cha kijiji. Mwaka 1997 walitakiwa wathibitishe damu, kazi waliyoishindwa. Hapa watathibitisha jiko, na jiko kila jirani analiona moshi wake.